Upande Mkavu

Jumatatu, 4 Machi

Leo nimehama. Sikuhama nyumba, nimehama kiti, lakini furaha niliyonayo ni ya mtu aliyejengewa nyumba.

Niandike sawasawa, nikija kusoma uzeeni nisije nikajicheka. Ukumbi wetu wa ushirika wa mafundi cherehani una paa bovu. Kuanzia mlangoni mpaka katikati panavuja, na mvua zikianza kila fundi anatega ndoo karibu na mguu wa cherehani yake. Ndiyo maana tunapaita upande wa ndoo. Kule nyuma bati ni zima. Kuna meza ya kukatia, kuna pazia, na nyuma ya pazia kuna birika la chai. Huko wanakaa watu wanne tu: Mwenyekiti; Mzee Mkasi, mkataji mkuu; mweka hazina, ambaye tunamwita Kifungo kwa kuwa mdomo wake haufunguki ovyo; na mkataji wa pili. Mkataji wa pili alihamia kwa wanawe mwezi uliopita. Kuanzia leo mkataji wa pili ni mimi.

Kwa katiba yetu mkataji anachaguliwa na wote. Hatupigi kura kwa mkono mtupu, tunanyanyua futi, ile ile ya kupimia inayoning'inia shingoni mwa kila fundi. Asiye na futi si fundi, na hana kura. Mwenyekiti alinitaja mimi, Mzee Mkasi akanyanyua, Kifungo akanyanyua, na kufumba na kufumbua ukumbi mzima ulikuwa futi juu.

Wifi naye alinyanyua. Nafasi hii aliitaka yeye, kila mtu anajua, na kwa mkono ananishinda mbali. Ni dada wa marehemu mume wangu. Nilipofiwa, binti yangu akiwa bado wa kubebwa mgongoni, ndiye aliyenikalisha mbele ya cherehani akanifundisha kupiga mshono ulionyooka, halafu akaenda kunisemea nikapata kiti. Leo baada ya mkutano alinirekebisha kola, akanisukuma mgongoni kidogo. "Nenda, wifi. Ukifika huko usijifanye hutujui." Nilimwambia hata kufa siwezi. Nilikuwa nasema kweli.

Jumatano, 6 Machi

Chai ya nyuma ya pazia ina maziwa. Miaka yote hii nilikuwa sijui.

Ijumaa, 8 Machi

Binti yangu amerudi na kazi ya somo la uraia. Tulikuwa tunakula, na wifi alikuwepo. Anakaa mlango wa pili na sisi na jioni hula kwetu.

"Mama, oligaki ni nini?"

"Ni ugonjwa?"

"Mama nawe! Ni aina ya serikali. Kuna utawala wa mtu mmoja, kuna wa wachache, kuna wa watu wote. Oligaki ni ule wa wachache."

"Wachache gani?"

"Wowote. Matajiri, wanajeshi, ukoo mmoja. Mwalimu anasema katiba inaweza kuwepo na uchaguzi ukafanyika vizuri tu, ila mambo yanaamuliwa na wale wale kabla watu hawajakaa."

"Na wale wengi wanafanya nini?" aliuliza wifi.

"Wanakubali."

Wifi alicheka mpaka akashika ubavu. "Mwambie mwalimu wako aje ukumbini kwetu. Nitampa na ndoo."

Nilicheka na mimi, ila si kwa kicheko ambacho ningecheka wiki iliyopita. Kazi ilimtaka atoe mfano mmoja. Nikamwambia aandike nchi yoyote ya mbali, ya zamani, asijitafutie maneno. Wifi alinitazama, kisha akaendelea kula.

Jumatatu, 11 Machi

Mvua. Ndoo zote zimetoka.

Alhamisi, 14 Machi

Leo nimejua kinachofanyika nyuma ya pazia. Wanaita kuonja. "Hapa tunaonja," Mwenyekiti alinieleza, "mkutanoni tunapakua." Maana yake ni kwamba kila jambo linaletwa kwanza kwenye chai, wanne wanakubaliana, halafu linapelekwa kwa wengine wakiwa na futi zao shingoni. Mwenyekiti si mtu mbaya. Anaulizia afya ya kila mtu, na sauti yake ni ya mama anayebembeleza. Nilitegemea kukuta njama nikakuta biskuti.

Tumeletewa kazi kubwa, makoti ya shule, ya buluu iliyokolea. Koti ni kazi nzito: bitana, mifuko, kola, na kila mkono unataka kukaa begani bila kukunjamana. Malipo ni kwa furushi: fundi aliyepewa sketi anamaliza lake mapema na kuanza jingine, wa makoti bado anahangaika na la kwanza. Nani apewe furushi kubwa la makoti?

Kifungo alifungua mdomo. "Yule wa mlangoni."

Wa mlangoni ni wifi. Mkutano uliopita aliuliza paa la mbele litaezekwa lini, akauliza mara ya pili alipojibiwa kwamba linafikiriwa.

"Yule ni wifi yangu," nilisema.

"Tunajua, mwanangu," akasema Mwenyekiti. "Makoti yanataka mkono mzuri. Nani ana mkono kama wake?"

Ukisikia hivyo unaweza kudhani ni heshima anapewa. Nilimeza neno langu pamoja na chai.

Jumamosi, 16 Machi

Nimegundua tangu Jumatatu sijamsalimia fundi wa ndoo ya pili, ambaye tulikaa naye bega kwa bega miaka mingi. Sina ugomvi naye. Ni mbali tu.

Jumanne, 19 Machi

Kazi imetukaba. Mawingu yamefunga, ndani giza, taa inapepesa. Nimetandaza majora mawili kwa mpigo, nikakata yote pamoja, Mzee Mkasi akasimama pembeni anatazama mkasi unavyokimbia. "Mkono mwepesi huo," akasema. Nimeringa siku nzima.

Alhamisi, 21 Machi

Wifi alikuja mezani na kipande mkononi. Upande wa ndoo hawaji mezani, wanaitwa.

"Wifi, haya mafurushi mbona hayana namba?"

Kawaida mkataji anaandika kwa chaki, upande wa ndani, namba ya jora kwenye kila kipande, ili mkono wa koti usije ukashonwa kwenye kiwiliwili cha jora jingine. Rangi za jora na jora hazilingani, hata mwenye duka akiapa. Juzi katika ile haraka yangu sikuandika. Nilijua siku ile ile kwamba sikuandika. Nilijiambia buluu ni buluu.

"Shona tu, wifi. Rangi ni ile ile."

"Una hakika? Humu ndani sioni vizuri."

"Nimekwambia shona." Nilisema kwa sauti ya juu kidogo, maana Mwenyekiti alikuwa nyuma yangu na sikutaka aone nabishana na watu wa mlangoni.

Wifi aliondoka. Naandika "watu wa mlangoni" na kalamu haikusita hata kidogo.

Jumatano, 27 Machi

Wifi amesimama tena mkutanoni kuulizia paa. Alisema maji yanadondokea kitambaa cha wateja, na kwamba upande mmoja wa ukumbi hauwezi kuwa wavuvi na mwingine mafundi. Watu walicheka, hata Mzee Mkasi. Nyuma ya pazia hakuna aliyecheka.

"Mtulize wifi yako," Kifungo aliniambia. Halafu, kwa kuwa leo mdomo wake umefunguka, akaongeza: "Unadhani tulikuchukua kwa ajili ya mkasi?"

Mzee Mkasi akakohoa kumzuia, lakini neno lilikuwa limeshatoka. Nilielewa. Walihitaji mtu ambaye wifi hawezi kumpigia kelele. Nimejisifu wiki tatu kwa kipaji, kumbe nilichaguliwa niwe kizibo.

Jioni nikaenda mlango wa pili kumtuliza. Mtu mwenye akili angeenda kumwambia alichosikia. Mimi nilimwambia apunguze mdomo.

"Wamekutuma?"

"Nimekuja mwenyewe."

"Haya," akasema, akanikaribisha kiti.

Jumanne, 2 Aprili

Mvua, mvua, mvua. Wifi amechelewa na makoti. Wa sketi wameshaanza furushi jingine.

Jumamosi, 6 Aprili

Makoti yamepelekwa shuleni. Wifi amemaliza kwa tabu, macho mekundu. Yamekaa vizuri sana begani. Nilitaka kumwambia, lakini nilikuwa na kazi.

Jumanne, 9 Aprili

Leo jua limetoka. Wiki zote hizi hatujaliona, watu wakaanika hata magodoro. Nami nilisimama mlangoni dakika kadhaa nikiota, nikifurahi na ulimwengu, ndipo gari la shule lilipofika.

Mkuu wa shule, mama mrefu asiyependa utani, aliteremka na makoti mkononi. Alisema wanafunzi walijipanga uwanjani asubuhi, jua likawapiga, na shule nzima ikacheka. Akalinyanyua koti moja pale mlangoni. Kiwiliwili buluu ya wino. Mikono buluu nyingine, inayoelekea zambarau. Ndani ya ukumbi wenye mawingu usingeona. Juani hata asiyejua kutunga uzi anaona. Akanyanyua la pili, la tatu. Yote yako hivyo.

Anarudisha kazi yote, na hatutapata nyingine kwake.

Nikashika fremu ya mlango. Wifi alikuwa kwenye cherehani yake hapo hapo. Alilichukua koti, akaligeuza ndani nje, akatafuta namba, hakuiona. Akanitazama. Alinipa nafasi niseme mimi.

Niliingia ndani kutafuta mkasi wangu.

Jumatano, 10 Aprili

Kuonja. Kanuni ni kwamba anayeharibu kazi ya mteja, kiti chake kinaletwa mbele ya wote. Nilikaa pembeni ya birika nikiwa nimejiandaa kusema. Naapa nilikuwa nimejiandaa.

Mwenyekiti alinimiminia chai kwanza. "Namba ziliandikwa," akasema, na haikuwa swali. Mzee Mkasi akatazama kucha zake. Kifungo akasema fundi wa mlangoni kachanganya mafurushi. Giza, macho, umri.

Wakanyamaza wakininywesha ule ukimya wao. Nafasi nilikuwa nayo. Nisije nikajidanganya baadaye kwamba nilikatizwa, au niliwahiwa. Nilifikiria ndoo. Nilifikiria miguu yangu, ambayo mwaka huu haijalowa. Nilifikiria watu watakavyosema: alipanda akashuka, hata msimu haukuisha. Hayo ndiyo niliyofikiria, mambo madogo namna hiyo, na kwa ajili yake nikanywa chai.

Ijumaa, 12 Aprili

Nitaandika yote.

Ukumbi ulijaa. Mwenyekiti alieleza kwa upole, kwa masikitiko, akasema makosa ni ya kibinadamu. Wifi alisimama.

"Mimi mafurushi yalinijia hayana namba. Niliuliza. Aliyekata yuko hapa, mwulizeni."

Mwenyekiti akanigeukia. "Fundi, namba ziliandikwa?"

"Ziliandikwa."

Sauti ilikuwa yangu. Wifi aliketi taratibu. Sura yake haikuwa ya hasira, laiti ingekuwa ya hasira. Ilikuwa ya mtu aliyesikia habari ya msiba na bado hajaamini.

"Anayeona kiti hiki kiachwe wazi, anyanyue futi."

Hakuna aliyenyanyua. Nilimtazama Mzee Mkasi, futi yake iko shingoni. Kifungo vile vile. Siku zote wao ndio wa kwanza. Wote watatu walikuwa wananitazama mimi, na ukumbi mzima ukageuka kutazama wanakotazama wao. Ndipo nilipofahamu kwamba wananisubiri.

Nilinyanyua.

Baada yangu zikanyanyuka nyingine, moja moja, nzito, kama watu wanaoinua maji. Zilitosha.

Wifi hakulia. Aliifuta mafuta cherehani, akaifunika. Ndoo yake ilikuwa imejaa. Akaibeba mwenyewe, akaimwaga nje, akairudisha mahali pake. Akapita mbele ya meza ya kukatia akasema, "Kwaherini." Wanasema fadhila za punda ni mateke. Punda amesingiziwa, angalau yeye hajui aliyempa majani.

Jumamosi, 13 Aprili

Sina la kuandika.

Jumanne, 16 Aprili

Wifi haji tena kula kwetu. Binti kauliza, nikasema amechoka.

Alhamisi, 18 Aprili

Nimekutana naye kwenye bomba la maji. Nilisema, "Wifi, habari za tangu juzi." Akasema nzuri. Akanipisha nichote kwanza, kama mtu anavyompisha mgeni. Ningeona afadhali anirushie hayo maji.

Wifi amepata kibaraza mbele ya duka moja, ana cherehani ya kuazima. Anaweka viraka. Fundi wa koti lile, anaweka viraka.

Jumatatu, 22 Aprili

Nimeshindwa. Asubuhi nilikwenda nyuma ya pazia nikawaambia wote watatu: namba sikuandika, kosa ni langu, mrudisheni wifi.

Hakuna aliyeshtuka. Mwenyekiti alinitazama kwa huruma. "Mwanangu, tunajua. Mzee alikuona siku ile unakata."

"Nilidhani utakumbuka mwenyewe," Mzee Mkasi akasema.

"Mlijua, na mkanyamaza?"

"Ungetaka tukutangaze?" Mwenyekiti akaninong'oneza. "Hapa tunasitiriana. Mzee ana lake. Huyu ana lake. Mimi ninalo. Wewe ulikuwa huna, ndiyo maana ulikuwa hujatulia."

Kifungo akacheka. Sijawahi kumsikia akicheka.

Hapo nikaliona lile neno gumu la binti yangu, oligaki, likiwa limekaa na vikombe vyake mbele yangu. Nilikuwa nadhani wachache wanatawala kwa sababu wana akili, au wana mkasi, au wana bati zima. Kumbe kinachowashikanisha ni kufichiana. Kila mmoja ameshika aibu ya mwenzake, hawezi kuachia bila ya kwake kuanguka. Na wengi wa upande wa pili hawana mshikamano kama huo, maana wao hawana la kuficha.

Kisha Mwenyekiti akanipa zawadi. Kiti cha mlangoni kisikae bure. Binti yangu aje likizo ajifunze, akimaliza shule kiti ni chake. Wameshaonja, imebaki kupakua tu.

Nilishukuru. Ni mazoea ya ulimi, lakini nilishukuru.

Ijumaa, 26 Aprili

Kifungo, asiyesema na mtu, amekutana na binti yangu njiani akampa habari. Binti aliingia ndani na viatu vyake vyenye tope, hajawahi.

"Kiti gani, mama? Cha shangazi?"

Nikamwambia akae. Hakukaa.

"Shangazi alikosea nini hasa?"

Ukiacha lile la kwamba shangazi yake amechoka, miaka kumi na saba nimemlea huyu mtoto nisimwongopee, wala leo sikuweza. "Hakukosea."

"Sasa?"

Nikamweleza. Majora mawili, chaki, "shona tu," mpaka futi. Nilimweleza nikiwa nimetazama mlango wa kabati. Alisikiliza yote. Nilipomaliza akauliza jambo moja.

"Ile siku ya mfano wa mwalimu. Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa nimeanza kujua."

"Nilipewa alama zote kwa ile nchi ya mbali," akasema.

Akajipakulia chakula chake, akafunika sahani, akaenda kula mlango wa pili. Kuta zetu ni nyembamba. Nilimsikia shangazi yake anamwuliza mbona umekuja na sahani, kwa nini usile na mama yako. Hakuwa na sababu hata moja ya kunitetea, na akanitetea. Nilijifunika uso kwa kanga nikalia kwa sauti ya chini wasinisikie.

Ijumaa, 3 Mei

Leo ulikuwa mkutano wa kupakua kiti cha binti. Sikusubiri ajenda. Nilisimama na futi yangu shingoni nikasema: namba hazikuandikwa. Nilikata mimi, nilisahau mimi, wifi aliniuliza nikamfokea, mkaniuliza nikaongopa. Kiti ni chake. Binti yangu hakitaki, na mimi simpi.

Nilitegemea kelele. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, na kusema kweli nilikuwa nayatamani. Hapakuwa na kitu. Mashine zilikuwa zimezimwa, mvua inadondoka ndooni. Mwenyekiti akaanza, "Mwenzetu amechoka..." Ndipo fundi wa ndoo ya pili, yule niliyeacha kumsalimia, akasema bila hata kusimama:

"Tulijua."

Nikamgeukia.

"Dada, sisi si ndio tunaoshona? Furushi lisilo na namba wiki ile tulipata wengi. Tulijua sote. Siku ile tulikuwa tumekubaliana humu, hakuna kunyanyua. Tulikaa hivyo, uliona. Halafu ukanyanyua wewe. Wifi yake. Tukasema basi, labda wana lao la nyumbani, sisi tutaingiliaje."

Nimeandika maneno yake kama alivyoyasema. Mwezi mzima nilijifariji kidogo kwamba hata bila mimi wangemtoa tu, kwamba wao watatu wakitaka jambo huwa. Kumbe siku ile hawakuwa na uwezo. Upande wa ndoo ulikuwa umegoma, kwa mara ya kwanza tangu ushirika uanze, kwa ajili ya wifi. Kilichowapa wale watatu nguvu ni futi yangu.

Mtu mmoja akasema arudishwe. Mwenyekiti alikuwa wa kwanza kunyanyua futi, uso umekunjuka, ungesema wazo ni lake. Wote wakanyanyua. Kisha nikaondolewa mezani, nikanyanyua na hapo. Kisha, kwa kuwa meza haiwezi kukaa na watu watatu, Mwenyekiti akamtaja fundi wa ndoo ya pili kuwa mkataji. Futi zikapanda tena. Fundi yule alikuwa anatabasamu. Nikamtazama akipita kuelekea nyuma ya pazia, na sikuwa na uso wa kumwonya.

Jumapili, 5 Mei

Nilikwenda kibarazani. Wifi alikuwa anatia kiraka kwenye suruali ya mtu, mguu hauachi kukanyaga pedeli. Nikamwambia yote, na la fundi wa ndoo ya pili sikulificha. Nikapiga magoti, wapita njia wanatazama.

"Inuka, unachafua nguo."

"Wifi, nisamehe."

Alikata uzi kwa meno. "Rangi nilikusamehe jua lilipotoka. Kila mkataji amewahi kusahau. Hata ulipoongopa nilisema anaogopa, atarudi jioni, atabisha hodi." Akasimamisha mashine. "Nilikusubiri jioni ile. Nilikuwekea na chakula."

Niliinuka, nikakung'uta vumbi magotini.

"Kurudi nitarudi. Kiti ni changu, na watu wamegoma kwa ajili yangu, siwezi kuwatupa. Binti aje kwangu wakati wowote, yule ni damu ya kaka yangu. Ila wewe nakuomba kitu kimoja. Hilo neno wifi usiniite tena. Niite fundi, kama wenzako."

Nikasema sawa. Nikataka kulisema neno nikalikuta mdomoni, nikalirudisha.

Jumatatu, 13 Mei

Amerudi leo. Nimepewa kiti cha pembeni yake, hapakuwa na kingine. Mvua imenyesha tangu asubuhi, na ndoo yake ilipojaa niliinuka nikaimwaga pamoja na yangu. Nilipoirudisha alisimamisha cherehani, akanitazama kwa heshima, akasema kwa ile sauti nzuri anayowapa wateja.

"Asante, fundi."

Nikasema, "Karibu, fundi." Tukaendelea na kazi.